Kutamani na Kujua

Kutamani na Kujua ni ndugu wawili wanaokaa katika nyumba moja, nayo nyumba hiyo ni moyo wa mtu. Kutamani ndiye mkubwa kwa kuzaliwa. Mtoto mchanga hutamani kabla hajajua neno lolote, na mzee hutamani hata baada ya kusahau mengi aliyoyajua. Kujua huzaliwa nyuma, hukua polepole, na chakula chake ni taabu. Ndugu hawa wakipatana mtu hufanikiwa. Lakini mkubwa akimsemea mdogo, akatoa habari kwa jina lake, nyumba nzima hudanganyika. Swali ninalotaka tulipime pamoja, msomaji, ni hili: Je, ni haki mtu kuliamini jambo kwa sababu anatamani liwe kweli? Na akiisha kuliamini hivyo, je, ni haki kumwaminisha mwenzake?

Swali hili laweza kupimwa kwa mifano ya biashara, ya utawala au ya mapenzi. Mimi nimechagua mfano wa mwili, kwa maana hapana mahali ambapo tamaa ya moyo ina nguvu kama katika ugonjwa. Mfa maji hukamata maji. Mgonjwa aliyechoka huamini upesi, na mtu ampendaye huamini upesi zaidi. Masokoni, katika vituo vya magari, na siku hizi katika simu za mkononi, husikika sauti mbili zinazoahidi kuitia nguvu kinga ya mwili. Sauti ya kwanza husema: Vaa bangili ya sumaku, kwa kuwa damu yako ina chuma, na sumaku huvuta chuma. Sauti ya pili husema: Meza vidonge vya antioksidanti, kwa kuwa oksijeni huunguza mwili wako kama kutu ilavyo chuma, na vidonge hivi huuzima moto huo. Kila sauti ina chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo sababu kila moja hupata wasikilizaji. Uongo mtupu hauna wateja wengi. Uongo uliochanganywa na kweli huuzwa rejareja na jumla.

Tuanze na kinga yenyewe, maana si vema kubishana juu ya askari tusiowajua. Mwaka 1882, katika mji wa Messina nchini Italia, mtaalamu wa Kirusi aliyeitwa Élie Metchnikoff alikuwa akitazama kwa hadubini viluwiluwi vya kiti cha pweza, mnyama wa bahari ambaye watoto wa pwani yetu humwona maji yakupwapo. Kiluwiluwi hicho ni cheupe kama kioo, hata seli zinazotembea ndani yake huonekana. Metchnikoff alikichoma kwa miiba ya waridi. Asubuhi ya pili aliona seli zimekusanyika kuuzunguka mwiba kama watu wazungukavyo mwizi aliyeingia kijijini. Akatambua kwamba mwilini mna seli ambazo kazi yake ni kumwendea mgeni mbaya na kummeza. Kwa kazi yake juu ya kinga alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich.

Seli hizo zikisha kummeza adui hazimwachi akae kwa raha. Huvuta oksijeni nyingi kwa ghafula, zikaigeuza kuwa vitu vikali viunguzavyo. Mojawapo ni haidrojeni peroksaidi. Kingine ni jamaa wa dawa ya klorini inayong'arisha nguo nyeupe. Kwa vitu hivyo vijidudu huuawa. Wazee walisema kwamba dawa ya moto ni moto, wala hawakujua kuwa methali yao inatimizwa kila saa ndani ya damu yao. Wako watoto wachache waliozaliwa na kasoro ya kurithi ambayo huzifanya seli zao zimeze vijidudu bila ya kuweza kuuwasha moto huu. Watoto hao huandamwa na maradhi ya mapafu, ya ngozi na ya ini, yatokanayo na vijidudu ambavyo watoto wengine huvishinda bila hata kuvijua.

Basi, oksijeni kali ni adui au rafiki? Uliza kwanza moto wa jikoni ni adui au rafiki. Moto ulio kati ya mafiga matatu hupika chakula cha nyumba nzima. Moto uo huo ukipanda makutini huila nyumba nzima. Haukugeuka tabia, umegeuka mahali na kiasi. Mwili unalijua jambo hili kuliko sisi. Seli nyeupe za damu, zile zile zinazowasha moto, hujiwekea ndani yake akiba ya vitamini C iliyo nyingi kuliko ile iliyo katika majimaji ya damu, na vitamini hiyo ni mojawapo ya vizima moto. Askari mmoja hubeba kijinga na mtungi wa maji pamoja. Atakayesema kwamba moto ni mbaya na maji ni mema, kwa hiyo tumzidishie askari maji bila hesabu, amesahau kuwa ametumwa vitani.

Hapa twapata fundisho la kwanza. Wema wa kitu haukai katika jina lake. Hukaa katika mahali pake, kiasi chake na kazi yake. Mtu aliyezoea kugawa vitu vyote katika mafungu mawili, vyema na vibaya, amejipunguzia kazi ya kufikiri, lakini hakujipunguzia madhara ya kutofikiri.

Sasa natuitazame habari ya vidonge. Vitamini C ina heshima iliyoipata kwa haki. Mabaharia wa zamani waliokaa miezi mingi bila matunda waliugua kiseyeye, fizi zao zikavuja damu na wengi wakafa. Mwaka 1747, tabibu James Lind wa jeshi la majini la Uingereza alichukua wagonjwa 12, akawagawa wawili wawili, akawapa kila jozi dawa yake. Waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wote. Tazama njia yake: hakutosheka kutamani wapone, wala hakuwapa wote dawa moja kisha akashangilia. Alilinganisha.

Katika karne ya 20 alitokea Marekani mtaalamu mkubwa, Linus Pauling. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1954, na Tuzo ya Amani ya mwaka 1962 kwa kupinga majaribio ya silaha za nyuklia. Hapana mtu mwingine aliyepata tuzo mbili za namna hiyo bila kushirikiana na mwenzake. Mwaka 1970 alitoa kitabu kilichosema kwamba vitamini C kwa wingi huzuia mafua. Mtu mzima kwa kawaida huhitaji chini ya miligramu 100 kwa siku. Yeye alisifu gramu nzima na zaidi, na baadaye akatumaini kuwa ingewafaa hata wenye saratani. Watu wengi walimfuata, kwa kuwa nani atambishia mtu mwenye tuzo mbili? Lakini majaribio hayasomi majina ya watu. Yalipofanywa, yalionyesha kwamba watu wa kawaida waliomeza vitamini hiyo kila siku walishikwa na mafua karibu sawa na wengine, ingawa siku za kuugua zilipungua kidogo. Na majaribio mawili ya hospitali ya Mayo Clinic juu ya wenye saratani, yaliyochapishwa mwaka 1979 na 1985, hayakuona faida ya vidonge hivyo.

Jambo zito zaidi lilitokea Finland. Wataalamu walikuwa wameona kwamba watu walao mboga na matunda kwa wingi hawashikwi sana na saratani ya mapafu. Wakadhani kuwa siri iko katika beta-karotini, ile rangi ya karoti, ambayo ni antioksidanti. Wakawapata wanaume 29,133 wavutao sigara, wenye umri wa miaka 50 hadi 69. Baadhi walipewa beta-karotini, baadhi vitamini E, baadhi vyote viwili, na baadhi vidonge visivyo na dawa. Wala wao wenyewe wala waliowapima hawakujua nani amepewa nini. Miaka ikapita. Mwaka 1994 matokeo yalichapishwa: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi kuliko wasioimeza. Nchini Marekani jaribio jingine, la watu 18,314 waliokuwa hatarini kwa ajili ya sigara au vumbi la asbesto, lilisimamishwa Januari 1996 kabla ya wakati wake, kwa kuwa waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A walikuwa wakipata saratani hiyo kwa asilimia 28 zaidi.

Nakuomba usome habari hiyo mara mbili. Watu wema, kwa nia njema, walitoa kitu kitokacho katika chakula chema, na kitu hicho kikadhuru. Embe, papai na sukuma wiki havikupoteza sifa yao kwa ajili hiyo. Tunda ni jamii ya vitu vingi vinavyosaidiana, na kidonge ni mtu mmoja aliyetolewa katika jamii yake na kupewa kazi ya wote. Lakini swali letu la kwanza sasa limepata jibu la nusu. Kutamani kwa wataalamu wale kulikuwa kukubwa na kwema. Kama kutamani kungekuwa ushahidi, vidonge vile vingekuwa vinauzwa leo kwa wavuta sigara wote wa dunia.

Natugeukie sumaku. Ni kweli kwamba damu ina chuma. Lakini chuma cha damu si misumari inayoelea. Kila chembe yake imefungwa ndani ya hemoglobini, nayo haivutwi kama msumari uvutwavyo. Pauling yule yule, pamoja na Charles Coryell, alionyesha mwaka 1936 kwamba hemoglobini yenye oksijeni husukumwa kidogo sana na sumaku, na isiyo na oksijeni huvutwa kidogo. Katika hospitali kubwa iko mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Nguvu yake kwa kawaida ni tesla 1.5, yaani makumi ya maelfu ya mara kuliko nguvu ya sumaku ya dunia tuikanyagayo. Wagonjwa huingizwa ndani yake wakatoka, na damu yao haikusimama wala kukimbia. Kama sumaku ile kubwa haiiburuti damu, bangili itaiburutaje?

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kukana kama wengine walivyo wepesi wa kukubali. Ndani ya atomu mna elektroni, na kila moja ni kama sumaku ndogo mno. Katika baadhi ya mageuzi ya kikemia, hasa yale yanayozaa vitu vikali vya oksijeni, nguvu ya sumaku kutoka nje yaweza kugeuza mwendo wa jambo kidogo. Tangu miaka ya 1960 imejulikana, kwa majaribio yaliyofanywa Ujerumani, kuwa ndege fulani wahamao huijua njia kwa kuihisi sumaku ya dunia. Wataalamu wameweka seli za kinga katika vyombo vya maabara karibu na sumaku. Baadhi yao waliona ule moto wa oksijeni ukizidi, baadhi wakauona ukipungua, na baadhi hawakuona badiliko. Huo ni mwanzo wa safari ya kujua, nao ni mwanzo mzuri. Ila kutoka chombo cha maabara hadi mkono wa mgonjwa ni mbali kama kutoka Lamu hadi Kisumu kwa miguu. Mwuza bangili huanza kuuza Lamu, akadai kuwa amekwisha fika. Huko Uingereza wagonjwa 70 wa baridi yabisi walivaa kwa zamu mikanda ya sumaku na mingine isiyo na nguvu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 hayakuonyesha kuwa sumaku iliwapunguzia maumivu kuliko mkanda mtupu.

Pengine utauliza: Mbona basi wako watu wanaoapa kuwa sumaku imewaponya? Hawasemi uongo. Swali lako lilikwisha ulizwa Ufaransa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Tabibu Franz Anton Mesmer alifika Paris mwaka 1778 akitangaza kwamba mna nguvu ya sumaku katika miili ya viumbe, naye aweza kuielekeza ili kuponya. Wagonjwa walijaa nyumbani kwake, wakatetemeka, wakalia, wakazimia, na wengine wakasema wamepona. Mwaka 1784 mfalme Louis wa 16 aliweka tume ya kuchunguza, na ndani yake walikuwamo Benjamin Franklin wa Marekani na Antoine Lavoisier, bingwa wa kemia. Mtu mmoja wa mafunzo ya Mesmer alitia ile nguvu katika mti mmoja wa bustani. Kijana wa miaka kama 12, amefungwa macho, akapitishwa kwenye miti. Alizimia mbele ya mti wa nne, ambao haukutiwa kitu; mti wenye nguvu ulikuwa mbali naye. Tume ikahukumu kwamba kilichomwangusha kijana hakikuwa sumaku. Kilikuwa matazamio yake.

Kwa hiyo moyo wa mtu waweza kumtetemesha, kumpoza na kumpunguzia maumivu. Hiyo ni nguvu ya kweli, wala haifai kuidharau. Lakini haifai kuipa jina la kitu kingine, kisha kuiuza kwa jina hilo.

Najua hoja itakayoletwa hapa, na ni hoja yenye huruma ndani yake. Itasemwa: Mwacheni mgonjwa na tumaini lake, bangili haiui, na mwalimu anayemnyang'anya mtu faraja amemnyima nini kingine cha kumpa? Nami najibu hivi. Fikiri mama mwenye kifua kikuu. Dawa zake za hospitali humezwa aghalabu kwa miezi 6, nazo zina adha. Katika mwezi wa pili anajiona nafuu, na hapo anaambiwa kuwa bangili na vidonge vitamaliza kazi iliyobaki. Karo ya mtoto inanunua bangili. Dawa zinaachwa. Vijidudu vilivyobaki vinajifunza kuzishinda dawa zile zile, na kikohozi kinarudi, sasa kikiwa kigumu, naye hulala chumba kimoja na watoto wake. Bangili haikumwua mtu. Iliyoua ni imani iliyokalia kiti cha ujuzi. Faraja ya kweli haimwondoi mgonjwa penye dawa. Kaa naye, mpikie uji, msindikize hospitali, mhesabie siku zilizobaki: hayo ndiyo matumaini yasiyohitaji uongo.

Hoja ya pili ni ya mwenye kukata tamaa: Kama Pauling mwenye tuzo mbili aliweza kukosea, nani wa kuaminiwa? Jibu ni kwamba hatukuagizwa kumwamini mtu kwa ukubwa wake, bali kuitazama njia aliyoipita. Waliofanya jaribio la Finland walitumaini kuleta dawa. Walipoona madhara, waliyachapisha mbele ya ulimwengu mzima. Hicho ni kitendo cha uadilifu kilicho kizito kuliko ushindi, maana kila mtu hutangaza kilichompendeza, na wachache hutangaza kilichowaaibisha. Tena mahakama hii haina upendeleo. Mmea uliotumiwa na waganga wa China tangu kale ulipelekwa mbele yake, ukapimwa, na katika miaka ya 1970 ukatoa artemisinini, dawa ambayo jamaa zake huponya malaria Kenya hivi leo. Tu Youyou, aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Basi asiseme mtu kuwa kupima ni kudharau mambo ya wazee. Kupima ndiyo heshima kubwa ambayo dawa yaweza kupewa.

Turudi kwenye maswali mawili tuliyoanza nayo. Mtu kutamani jambo liwe kweli si dhambi. Bila tamaa hiyo hakuna ambaye angekesha maabara. Lakini tamaa ni sababu ya kutafuta, si sababu ya kukoma kutafuta. Anayejiaminisha bila kupima hujikopesha mali asiyokuwa nayo. Anayemwaminisha mwenzake bila kupima humkopesha mwenzake mali hiyo hiyo, kisha humwachia deni. La kwanza ni udhaifu, na laweza kusamehewa; la pili ni dhuluma, hata likitendwa kwa uso wa upole.

Wewe msomaji kijana utaulizwa shauri nyumbani kwenu kwa sababu umesoma. Bibi yako atakuonyesha kichupa, mjomba wako atakuonyesha bangili. Usicheke, maana kicheko hufunga masikio ya wakubwa. Wala usinyamaze kwa adabu, maana adabu ya namna hiyo yaweza kugharimu roho. Sema kwa unyenyekevu: Shikamoo, mjomba, je, wako watu waliopewa hii na watu wasiopewa, wakalinganishwa? Ni kiasi gani kifaacho, na kikizidi hutenda nini? Na anayeisifu, je, ndiye anayeiuza? Kuuliza si ujinga. Huenda wasipende kuulizwa siku hiyo. Lakini maswali hayo matatu, yakiulizwa mapema na mtu mwenye heshima, huweza kuirudisha karo shuleni na mgonjwa katika dawa zake.